Chakula cha Shemeji Hakipepetwi

Jumanne, tarehe tatu Machi, saa moja na robo asubuhi, manyunyu yakianguka na jua likiwaka kwa wakati mmoja, mkunga mstaafu aliinua kifaranga kutoka kwenye boksi la kulelea akakuta miguu yake imekuwa mbao. Haikuwa migumu kama mbao. Ilikuwa mbao hasa, yenye mistari na kifundo kimoja. Alimrudisha chini ya taa, akabadilisha maji, akaenda kunywa chai.

Vifaranga hao alikopeshwa na dada yake mkubwa, pamoja na banda. Makubaliano yalikuwa mepesi: wakikua, nusu ya mitetea wanaotaga warudi kwa dada, ikishindikana, banda lirudi. Pensheni ya mkunga ilitosha chumvi tu, kwa hiyo mayai ndiyo yangekuwa mshahara wake. Aliwalea kwa nidhamu ya wodi. Joto halikupungua, maji hayakulala, na aliyetaka kuwaona alinawa kwanza.

Jambo moja tu hakulifanya: hakupepeta chakula. Kilitoka dukani kwa shemeji, mume wa mdogo wao, na katika ukoo huo chakula cha shemeji hakikupepetwa. Kukipepeta kulikuwa sawa na kumpekua mgeni mifukoni. Shemeji, mtu mwenye tumbo la heshima, alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana vumbi la mbao aliwachanganyia jamaa, na wasiomhusu akawauzia chakula safi.

Kufikia Julai mbao ilikuwa imewaenea wote na kupanda hadi shingoni. Kuku walikua vizuri, na mmoja alichipua jani kisogoni. Walipodonoa, jirani alidhani kuna fundi anatengeneza kitanda, akaja kuulizia bei. Daktari wa mifugo aliwagonga kwa kidole, akasikiliza, akaandika dawa ya mchwa.

"Na chanjo?" mkunga aliuliza.

"Mama, unataka nivunje sindano?"

Dada alipotuma salamu kwamba anakuja Jumamosi, mkunga alikwenda dukani.

"Shemeji, nipe mitetea badala ya wale. Gunia lako lina vumbi la mbao."

"Karibu kwanza, shemeji yangu. Mbao hutoka wapi?"

"Kwenye mti."

"Na mbuzi anakula nini? Au mbuzi ni mjinga?" Wateja wakacheka. "Haya, niambie, kuna hata mmoja aliyekufa kwa mdondo?"

"Hakuna."

"Watu wanawatafuta kuku wa namna hiyo kwa tochi, wewe unakuja kunidai! Jamani, mnamwona shemeji yangu?"

"Nakudai kuku."

"Hunidai kitu. Nilikuuzia chakula cha kukuza. Wamekua, hawakukua?"

Mkunga alikiri kwamba wamekua. Shemeji akampa biskuti za kuwapelekea watoto, ingawa watoto wa mkunga walikuwa na mvi.

Jumamosi dada alifika na mkokoteni. Alimkalia mtetea mmoja, akayumba kidogo, akainuka.

"Wanataga?"

"Hawatagi."

"Basi, mdogo wangu."

Mkunga aliwatoa kuku wake mmoja mmoja, akawapanga kando ya ukuta wa sebule, wakakaa kwa adabu kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Aliporudi bandani alimkuta dada ameshashusha vifaranga wapya kutoka mkokotenini, wa manjano, laini, wenye kelele, na gunia jipya kutoka dukani kwa shemeji.

"Kipepete hicho chakula, dada."

"Cha shemeji?" Dada alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Kustaafu kumekuharibu adabu."

Akamimina. Vifaranga wakakimbilia chakula, wakikanyagana. Mkunga akamkabidhi ufunguo wa banda. Dada akafunga, akalijaribu komeo, akasema deni limekwisha.