Sauti ya Tano

Kanisa la zamani watu waliliita Kofia, na kwa kweli lilikuwa paa tupu lililokaa chini. Kuta za kusema hizi ni kuta hazikuwapo. Zege lilianzia kwenye majani, likapanda likijikunjakunja mpaka juu kabisa, likachongoka. Ndani hapakuwa na nguzo hata moja, wala dari. Altare ilikuwa katikati na mabenchi yameizunguka, kwa sababu lilijengwa miaka ile mapadre walipoanza kuwageukia waumini wakati wa misa, na bruda, mtawa aliyelichora, alisema kama ni kugeukiana, basi tugeukiane sote. Matokeo yake ukisinzia wakati wa mahubiri, parokia nzima inakuona.

Wazee hawakulipenda. Walikuwa wameomba mnara wa kengele, wakaletewa kofia. Hata hivyo walibeba kokoto, na mmoja wao alikuwa mama yake Mwalimu, akiwa na Mwalimu mwenyewe tumboni. Mbao za kumwagia zege hazikupigwa randa, kwa hiyo zilipobanduliwa ziliacha alama zake upande wa ndani wa paa, kila fundo na kila mshipa wa mti. Watoto waliochoshwa na misa walikuwa na kitu cha kutazama.

Mama huyu aliyeitwa Mwalimu hakuwahi kushika chaki. Alifundisha kwaya, tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na jina likamganda.

Sasa, lile paa lilikuwa na mambo yake. Sauti ikipanda kule juu ilizunguka, ikakaa kidogo, ikarudi chini laini kuliko ilivyokwenda. Kama bruda alikusudia au alikosea hesabu, hakuna anayejua, na yeye hakusema. Kwaya ya kwanza ilipoimba kama kwaya nyingine, mstari wa pili uligongana na wa kwanza uliokuwa unarudi, ikawa kelele za sokoni. Bruda akawaambia: imbeni mstari mmoja, mnyamaze, paa nalo liimbe, ndipo muendelee. Wakazoea. Kwaya za watu zina sauti nne. Wao walijihesabia tano. Mtu akichelewa mazoezini aliambiwa aige mfano wa sauti ya tano, ambayo haijachelewa hata siku moja.

Lakini la kuvunda halina ubani. Nondo zililiwa na kutu, paa likaanza kudondosha vipande juu ya mabenchi, wahandisi wakaja wakagongagonga, wakasema lishuke. Likashuka. Mwalimu alisimama pale akatazama kwa macho makavu, akawahimiza wenzake wasogee mbali na vumbi. Watu wakamsifu kwa moyo wake mgumu. Hawakujua kwamba alikuwa bado hajaamini.

Kanisa jipya lilijengwa palepale. Ni refu, safi, lina madirisha makubwa na dari nyeupe ya jipsamu. Halivuji, na hilo lazima tulipe haki yake. Ila sauti ikitoka mdomoni inaanguka hapohapo miguuni. Kwaya ilipoimba humo mara ya kwanza, ikamaliza mstari, ikanyamaza. Kimya. Mstari wa pili, kimya tena. Mazoea yana taabu.

Paroko, padre mgeni ambaye Kofia aliiona kwenye picha tu, alimwita Mwalimu sakristia. Alikuwa mtu mpole, tusimsingizie.

"Mama, mnaimba vizuri sana. Lakini kila mstari mnasimama. Mnamngoja nani?"

Mwalimu alitafuta jibu, akaona kila jibu litamfanya aonekane amechanganyikiwa. "Ni mazoea, Baba."

"Basi tuyaache. Askofu anakuja kulitabaruku kanisa. Mkiburuta nyimbo siku ile, misa kuu nitawapa kwaya ya vijana, nyinyi mtachukua ya alfajiri. Unanielewa?"

Alimwelewa sana. Sauti ya nne yote ilikuwa wanaume wenye magoti mabovu, na mmoja alivushwa barabara na mkewe. Ukiwapeleka alfajiri, kwaya imekwisha. Itakufa mtu mmoja mmoja, tena kwa udhuru wa heshima.

Akapiga moyo konde. Wiki zile aliwanoa kama kisu. Alipiga makofi wasipumzike, akawakatiza, akawarudisha mwanzo. Wifi yake, wa sauti ya pili, ambaye hakuwahi kumwachia neno lipite bure, alilalamika.

"Wifi, unatukimbiza hivyo kwani tumeiba?"

"Imba."

"Mimi nikiacha kungoja," alisema dereva mstaafu wa sauti ya nne, "naona kama nimemkatiza mtu maneno."

Mwalimu naye ndivyo alivyojisikia, lakini alikuwa na kwaya ya kuokoa. "Hakuna mtu," alisema. "Rudieni."

Siku ya kutabaruku kanisa lilijaa mpaka nje. Kwaya ikaanza wimbo wa vipaji, ule wa kutolea sadaka, beti mbili bila kusita, laini kama maji ya bomba. Paroko pale altareni akatabasamu. Mwalimu aliona tabasamu lile, akajua wameshinda, na moyo ukamuuma vibaya. Siku Kofia inabomolewa alikuwa bado anayo, imejificha katika pumzi za watu hawa. Sasa ndiyo inabomoka, kwa mkono wake.

Kikafika kiitikio, na kiitikio ni cha watu wote. Waumini wakasimama wakaimba mstari wa kwanza kwa nguvu. Kisha wakanyamaza.

Hao hakuna aliyewanoa. Wenye duka, wakunga, mafundi, bibi na wajukuu waliofundishwa kuimba na bibi, wote walifunga midomo na kuinua nyuso kidogo, wakilingoja paa. Kwaya ilikuwa tayari katikati ya mstari wa pili. Wakaingia waumini, kwaya iko wa tatu, na wimbo ukavurugika mbele ya Askofu, ambaye aliinua macho kitabuni. Paroko akamwonyesha Mwalimu kidole: endelea, endelea. Waimbaji wote wakamkodolea macho yeye. Wafuate nani?

Mwalimu akakunja ngumi, kwaya ikakata. Akawageukia waumini, akawaingiza upya mstari wa kwanza, wote pamoja, kwaya na kanisa zima. Mstari ulipoisha aliuacha mkono wake juu, haushuki.

Kanisa lote likangoja. Dari nyeupe haikurudisha kitu. Hapo ndipo wote, kwa mara moja, walipolisikia lile kanisa la zamani kwamba halipo. Mzee mmoja akavua miwani. Wifi alikuwa analia waziwazi, na Mwalimu naye machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Alijua misa kuu imekwenda, na kwaya yake nyuma yake. Paroko alikuwa bado ananyoosha kidole. Mwalimu akangoja hata hivyo, mpaka pale paa lingekuwa limemaliza kuimba, ndipo akaushusha mkono kwa mstari wa pili.