Wasifu wa Elifuraha

Nalepo aliuandika wasifu wa marehemu dada yake mara tatu, na mara zote tatu Baba Mdogo Abdiel aliukata mstari uleule, wenye jina la Reginald, kwa kalamu nyekundu.

"Andika aliugua kwa muda mfupi akalala katika Bwana. Inatosha. Huu ni msiba, siyo mahakama."

"Ameugua miaka miwili, baba mdogo. Na ugonjwa una jina."

"Sasa Reginald naye ni jina la ugonjwa?"

Nalepo alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Elifuraha alikuwa na presha ya mapafu. Siyo ile presha inayopimwa mkononi. Hii ni mishipa ya kupeleka damu mapafuni inayobana mpaka moyo unachoka kusukuma. Kabla ya vidonge vya hospitali, akipanda kutoka barabarani hadi nyumbani Nkoaranga alikuwa anakaa chini mara tano. Baada ya vidonge, mara moja, na hapo anakaa ili apige soga na majirani.

Kisha akapelekwa kwa Reginald, aliyekodi chumba Kaloleni na kujiita mtaalamu wa lishe. Reginald alimchoma kidole, akaitazama mashine yake ndogo, akaguna. Kolesteroli, tano nukta moja. "Mafuta haya ndiyo yanayokuziba, dada." Akampa unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, akamkataza maziwa, nyama na parachichi. Kila mwezi namba ilishuka. Elifuraha naye alishuka. Gauni la kanisani likawa linamning'inia mabegani, na watu wakampongeza. Ilipofika mbili nukta sita, Reginald alimpa mkono. "Umesafishika. Vile vidonge vipumzishe."

Akavipumzisha. Wiki ya tatu midomo ikawa ya bluu.

Daktari aliyempokea alizisoma zile namba, akamwita Nalepo pembeni. "Kwa mgonjwa kama huyu, kolesteroli ikiporomoka hivi na mwili unakonda, sisi tunaogopa. Mara nyingi ni mwili unaoisha. Hilo halikuwa jambo la kupongezana. Na vidonge vile haviachwi ghafla." Elifuraha hakumaliza siku mbili.

Siku ya mazishi Reginald alikuja, tena amevaa suti. Akakaa mstari wa pili chini ya turubai, na Nalepo, akipita na maji ya kunywa, akamsikia akimnong'oneza mama mmoja mnene: "Marehemu alikuwa mgonjwa wangu wa mfano. Mafuta tuliyashusha mpaka mbili nukta sita! Na wewe mama unavyohema, njoo Jumatatu."

Nalepo aliweka jagi chini.

Kwao, wasifu ukisomwa hakuna anayeinuka. Mwenye kikohozi hukimeza, mwenye simu huizima. Mtu akiondoka katikati, ukoo mzima utamtaja kwa miaka. Reginald, aliyekaa katikati ya wazee, hakuwa na pa kupitia.

Alipoitwa, Nalepo alishika kipaza sauti akasoma kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa. Alipofika kwenye wino mwekundu hakuuruka.

"Mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili, Bwana Reginald wa Kaloleni, aliyeketi hapa mstari wa pili mwenye suti ya kijivu, alimwambia marehemu aache vidonge."

Turubai zima likageuka. Reginald akasimama. "Huu ni uongo! Na wewe Nalepo, si ulinishukuru kwa simu? Si ulituma vikatuni vya makofi kwenye kundi la familia, marehemu akanionyesha?"

"Kaa!" alifoka bibi mmoja. "Wasifu unasomwa!"

"Bibi, nachafuliwa jina..."

"Kaa chini, baba. Ulitaka kusifiwa, sasa unasifiwa."

Akakaa. Baba Mdogo Abdiel alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hakunyoosha mkono kuomba kipaza sauti.

"Nimeandika na hilo," alisema Nalepo. "Subiri nifike." Akasoma: "Mdogo wake, Nalepo, aliona namba inashuka akafurahi. Alituma makofi matatu. Hakuuliza hospitali."

Alikuwa ameogopa mstari huo kuliko ule mwingine. Akamtazama Reginald, aliyekuwa akichuruzika jasho kwenye kola. Huruma hakuiona popote ndani yake mwenyewe, na hakuitafuta.

Akaendelea na majina ya watoto aliowaacha marehemu, moja baada ya jingine, polepole sana. Ukurasa ulipoisha, mwongoza ratiba alinyoosha mkono kupokea kipaza sauti. Nalepo hakukitoa.

"Kuna waliokaa nyuma, huko kwenye migomba, huenda hawakusikia vizuri," alisema. "Narudia kuanzia mwezi wa tatu."