Miaka Thelathini na Minne Isiyo na Jina

Nina kiburi, afadhali niseme mapema. Mwaka 1989 kampuni ya migodi hapa Kolwezi ilitupa kazi mimi na Ngeleka: kuingiza wafanyakazi wote katika kompyuta. Tulibishana jambo moja tu, namna ya kuhifadhi majina. Lugha tuliyoandikia programu ilikuwa na aina yake ya kuhifadhi maneno, ya kawaida, ambayo mashine yoyote inaisoma. Lakini tulikuwa pia na kiunzi, programu iliyonunuliwa Ulaya ili tujenge juu yake, nacho kilikuwa na aina yake: kiliyapanga majina chenyewe na kuyabana yasijaze disketi. Hakikufanya kazi bila ufunguo mdogo wa plastiki uliochomekwa nyuma ya kompyuta.

“Polycarpe, tia majina mu ile ya kawaida,” Ngeleka aliniambia. “Kiunzi ni kitu ya benyewe. Siku ule ufunguo utapotea, utafanya nini?”

Nilimcheka, nikamwita mzee wa makaratasi, na majina nikayatia kwenye kiunzi. Fishi za zamani, kadi za wafanyakazi zilizoandikwa kwa mkono na makarani, niliruhusu zitupwe. Akina mama wa soko la Manika walizifungia mikate.

Mwaka 1991 mji ukaporwa. Kompyuta yetu ikabebwa, na ufunguo ukaenda nayo. Disketi za akiba zikabaki kwenye droo yangu.

Halafu ikaja 1993, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaanza kufukuzwa. Ngeleka, ingawa alizaliwa hapa hapa, mtaa wa Kapata, akatolewa kazini. Siku ya tatu akanijia ofisini kutoka stesheni, ambako familia yake ilikuwa inalala nje ikingoja treni.

“Tata anaomba karatasi ya kazi,” alisema. “Alitumika mu mugodi miaka makumi tatu na ine. Kule tunaenda, hakuna mutu anamujua. Atakuwa muzee bure tu.”

Nilitia disketi katika kompyuta nyingine iliyosalia ofisini. Namba zilisomeka, maana namba tuliziweka kwa aina ya kawaida: namba ya kazi, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza. Mahali pa jina palijaa takataka. Nilihangaika siku nne, wapi. Ngeleka hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniuma zaidi.

Baba yake, mzee Tshilombo, alikuwa na namba yake kichwani. Kwa namba hiyo nilipiga chapa cheti, jina nikaliandika kwa kalamu. Mkuu wa wafanyakazi akakisukuma kando.

“Mashini haina jina. Mi nasaini nini?”

Alikuwa anatabasamu. Sikubishana naye, kwa sababu niliogopa kuonekana ninawatetea watu wa Kasai.

Ijumaa treni ilifika, nami nikaenda stesheni na cheti kile kisicho na saini. Nilimkuta mzee Tshilombo amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Macho yake yalikuwa yamekwisha, hayaoni tena.

“Soma, mutoto wangu.”

Nilianza na namba. Kabla sijafika kwenye jina, mzee akasimama, akavua kofia, akaitikia “nipo” kwa Kifaransa, kama walivyoitikia majina yao kila asubuhi mgodini:

“Présent!”

Watu wakageuka kumtazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Ngeleka alikichukua cheti, akatafuta muhuri, hakuuona. Akanirudishia.

“Bakia nayo,” alisema. “Bamama ba Manika batafungia mikate.”

Kisha akamshika baba yake mkono, wakapanda behewa la mizigo.