Daktari wa Betri wa Bweni la Pili

Kwa wanafunzi wote wa kidato cha pili, na kwa yeyote mwenye masikio. Inatangazwa kwamba kuanzia leo, mwezi wa sita mwaka 1997, Dokta Pazi wa Ujiji, bingwa wa tiba ya betri chovu, amefungua kliniki kwenye kitanda cha chini karibu na dirisha. Betri zilizochoka zitaamshwa. Zilizokufa zitaombolewa kwa heshima zote.

Tangazo hilo nililibandika mwenyewe mlangoni. Lilikaa dakika ishirini, kisha Haruna, mwenzetu wa bweni, akalibandua akafungia karanga. Kliniki ikabaki na mgonjwa mmoja tu, na mgonjwa huyo aliletwa na Nikodemu.

Nikodemu alikuwa mkimbizi. Alivuka kutoka Burundi mwaka uliotangulia, na Padre Martini akamwombea nafasi katika shule yetu ya bweni huku juu Kalinzi. Lugha haikumpa taabu. Nusu ya darasa ni Waha, na Kiha chao na Kirundi chake ni ndugu, wakiongea na yeye walisikilizana vizuri kabisa. Aliyehitaji mkalimani ni mimi niliyetoka mjini.

Mali yake ilikuwa blanketi, Biblia na wokmani yenye redio ndani. Kaseti hakuwa nayo hata moja. Aliitaka redio tu, na redio yenyewe kwa robo saa kwa siku. Saa kumi na moja jioni kulikuwa na kipindi cha kusoma majina ya watu waliopotezana na ndugu zao, kambi moja kwa siku, na zamu ya kambi ilichukua mwezi mzima kurudi. Nikodemu alipotezana na dada yake Agnesi walipokuwa wakivuka mto Malagarasi. Kambi zote zilikuwa zimeshasomwa, jina lake halikutajwa. Ilibaki moja, ya Alhamisi ile.

Betri zake mbili ndogo aliletewa na Padre kila mwanzo wa mwezi, na mwezi huo zilianza kuchoka kabla ya nusu.

"Dokta, zitafika Alhamisi?" aliniuliza.

Niliziweka sikioni moja baada ya nyingine, nikafumba macho. "Wagonjwa wanapumua," nikasema. "Lakini ndugu wa mgonjwa lazima afuate masharti."

Masharti niliyaandika kwenye karatasi ya mraba. Sauti iwe ya chini. Kipindi kikiisha, betri zitolewe, zisilale ndani ya mashine. Kaseti isichezwe kabisa, kwa kuwa kuzungusha kanda kunakula betri kuliko redio. Na kila siku baada ya chakula cha mchana zianikwe juani. Hili la mwisho hakuna mtu wa Kigoma anayelibishia. Kwetu Ujiji kila paa la jiko lina betri tatu nne zinaota jua, na bibi yangu huzigeuza kama anavyogeuza dagaa.

Shuleni ni marufuku kupanda juu ya paa. Kwa hiyo nikapendekeza vichanja vya kuanikia kahawa vya Bibi Skolastika, jirani wa shule, chini ya uzio, mahali ambapo bibi huyo hushinda akifukuza kuku.

"Nitapeleka mwenyewe," alisema Nikodemu.

"Mchana una zamu ya maji. Halafu mgonjwa akiona ndugu zake anadeka. Niachie daktari."

Akaniachia. Kila mchana alinikabidhi betri zimefungwa kwenye leso, nami nikashika njia ya vichanjani kwa mwendo wa kitabibu. Saa kumi nilimrudishia zikiwa na joto la mfukoni, akazishika kwa viganja viwili.

"Zimepata jua," alisema.

"Zimekunywa hadi zimekataa," nilijibu.

Alhamisi tulikaa kwenye ngazi za bweni, yeye na kidude kimoja sikioni, mimi na kingine. Mtangazaji alianza na wazee. Sauti ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, na Nikodemu aliegemea mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni. Likasomwa jina, likasomwa jingine. Kisha: "Agnesi, miaka kumi na minne, anatafuta kaka yake, ni mtoto wa..."

Ikakatika.

Nilizitoa. Nikazisugua kwenye shati, nikazing'ata, nikazibadilisha nafasi. Kwa nukta chache kulisikika mlio kama wa mafuta kikaangoni, halafu basi. Haruna alitoka mbio na betri za tochi yake. Zilikuwa zile kubwa, nene kama ndizi ya kuchoma. Tulizitazama wote watatu. Akasema tuunganishe kwa nyaya, tukachuna waya wa pasi mbovu kwa meno, mikono ikigongana. Redio ilipowaka, mtu alikuwa anaeleza namna ya kupanda mihogo kwa mistari.

Nikodemu alimsikiliza mtu wa mihogo hadi mwisho.

"Akina Agnesi ni wengi," alisema.

Tulimwendea Padre Martini. Alisema ataandika barua redioni, lakini jibu huchukua wiki nyingi. Kambi ile iko mbali, ina watu maelfu, na kwenda bila kibali ni kukamatwa. Tungoje mwezi uishe orodha irudiwe, kama watu wenyewe watakuwa hawajahamishwa. Alisema mambo hayo polepole, akizungusha funguo za gari ambalo lilikuwa gereji tangu Pasaka.

Usoni mwa Nikodemu hamkuwa na la kutania, na mimi nilitafuta.

"Usijisumbue, Dokta," aliniambia tukirudi. "Umefanya uwezavyo. Labda jua la huku milimani ni dogo. Kesho tumwombe bibi zishinde kutwa nzima."

Nilitoa sababu tano za kupinga. Hazikusaidia. Ijumaa aliomba abadilishiwe zamu ya maji, akanishika mkono hadi vichanjani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu."

"Nimekuja kukushukuru kwa kutuangalizia betri. Naomba leo zikae hadi jioni."

Bibi Skolastika aliacha kuchambua kahawa. "Betri gani?"

"Anazoanika huyu kila mchana."

"Huyu?" Alinitazama kwa upendo kabisa. "Huyu hajaanika kitu hapa. Huyu anapita, ananiamkia vizuri, anaingia migombani. Anakaa huko na nyuzi masikioni, anatikisa kichwa. Nilisema mtoto wa watu kasoma hadi kichwa kimemgeuka. Nimemwombea rozari mbili."

Hapo kuku wawili walipanda kwenye kahawa na hakuna aliyewafukuza.

Nikodemu aliniachia mkono. Nilitafuta sauti ya daktari, haikuja. Ilikuja ya kwangu, ambayo ni nyembamba.

"Nina wokmani," nilisema. "Mjomba wangu anauza dagaa Kibirizi, alinipa wakati wa likizo, haina betri. Nina kaseti moja. Kila mchana niliweka betri zako. Hazijaona jua hata siku moja."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofungua kliniki. Niliifungua kwa ajili hiyo."

Aliitikia kwa kichwa, kama ninapomweleza hesabu. Ningependa anipige. Haruna angenipiga, tungekuwa tumemaliza. Yeye aliifungua leso, akazitazama zile betri mbili, akaifunga tena vizuri.

"Na jana mchana?"

"Jana pia."

"Nyimbo ngapi?"

"Mbili."

"Jina la baba lingechukua nukta tatu," alisema. "Na la kijiji tatu." Hakuwa akiniambia mimi. Alikuwa anapima.

Bibi Skolastika alituangalia kwa zamu, hajui amuulize nani.

"Tatu," nikasema. "Nyimbo zilikuwa tatu. Ya pili niliirudia."