Mtu wa Udongo Asiye na Kovu

Mimi Tong nimefinyanga watu arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja niliyemkosea. Nasema mapema kwa sababu hapa Ly Son, kisiwa chetu cha Vietnam, watu wana midomo, na juu ya yule wa arobaini na mbili wameshaanza kunong'ona.

Kazi yangu inajulikana. Mvuvi akipotea kule Hoang Sa, visiwa ambavyo sisi tunasema vyetu na Wachina wanasema vyao, mara nyingi hata maiti hairudi. Basi mimi hupanda mlima Thoi Loi, nikachota udongo, nikaupaka juu ya vijiti vya mforsadi viwe ndiyo mifupa, nikamfanya mtu kamili, roho yake ipate pa kuingia. Kisha tunamzika. Lakini sharti afanane. Asipofanana, roho haimtambui, inabaki inaelea huko huko majini.

Khoai alipotea mwezi wa pili. Meli kubwa ya chuma ya Wachina iliwafukuza, chombo chao kikapinduka. Wenzake wanne waliokolewa. Mmoja aliapa kwamba alimwona Khoai akizama. Mwingine akaapa kwamba alimwona akivutwa kwa kamba juu ya meli ile. Miezi mitano ikapita, si barua wala simu. Ndipo mama yake, Bi Nhien, akaja kwangu akipapasa ukuta, maana macho yake yameingia mtoto wa jicho, haoni ila kivuli.

"Kaka Tong, nitengenezee mwanangu," akasema. "Kila upepo ukivuma namsikia anatangatanga. Nimechoka. Nataka alale."

Kwa desturi, anayetaja alama za mwili ni mke. Thoa alikuja mikono inanuka vitunguu saumu, akakaa mbele yangu kama mtu aliyeitwa polisi.

"Uso wake?" nikauliza.

"Wa mviringo."

Nikamkazia macho. Khoai ana uso mrefu kama wa mbuzi, nimemjua tangu anatambaa.

"Mviringo, eh? Na masikio?"

"Madogo."

"Thoa! Masikio ya mumeo hata yeye mwenyewe alikuwa akiyacheka."

"Yalipungua."

"Na lile kovu juu ya jicho la kulia, alipochomwa na ndoana ya ngisi?"

"Kovu gani? Hana kovu."

Nikalibwaga bonge la udongo chini. "We binti, unanifanya mimi mjinga? Unataka niharibu jina uzeeni?"

"Babu, nisikilize. Kama wamemfunga, atarudi. Bwana Luu si alikaa ndani kwa Wachina miezi minane, tukamwona huyoo anashuka gatini na mfuko wake? Sasa ukimfinyanga sawasawa, roho ikiitwa ikaja, yeye huko aliko si atakufa kweli? Mfanye mtu mwingine tu. Nakuomba, babu." Akalia, wala hakujificha uso.

"Na mama mkwe wako?"

"Mama haoni."

Nilinuna siku mbili nzima, hata paka wangu alinikimbia. Siku ya tatu nikamfinyanga mtu wa uso wa mviringo, masikio madogo, hana kovu popote. Nikampaka ute wa yai ang'ae. Niliona aibu kila nilipomtazama.

Siku ya maziko alikuja bwana mmoja wa serikali na kamera yake. Kwao kila kaburi kama hili ni ushahidi kwamba bahari ile ni yetu. Akaniomba nimgeuze marehemu kidogo, mwanga umpate usoni. Nikamwambia marehemu huyu hapendi picha.

Tulipoinua kifuniko cha jeneza tufunge, Bi Nhien akasema, "Ngojeni kwanza nimshike."

Vidole vyake vikapita kwenye taya, vikapita kwenye sikio, vikapanda juu ya jicho la kulia. Vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapapasa tena pale pale. Mimi, fundi mzima, nikawa natazama viatu vyangu.

"Ndiye," Bi Nhien akasema. "Fungeni."

Tukamzika.

Baadaye nyumbani kwao, Thoa alibeba bakuli la wali la marehemu, lenye yai juu na vijiti vya kulia vimesimikwa katikati, kama tunavyowasimikia wafu tu, akalipeleka penye picha na ubani.

"Bakuli liko wapi?" Bi Nhien akauliza.

"Nimeliweka kwa marehemu, mama."

"Lilete hapa."

Akavichomoa vile vijiti, akavilaza mkekani mahali anapokaa Khoai siku zote. Akaliweka bakuli kando yake, akalifunika kwa sahani, kama tunavyomfunikia mtu aliyechelewa kurudi.

"Mumeo hapendi wali wa baridi," akamwambia mkwewe. "Akifika utampashia."

"Nitampashia, mama," Thoa akasema.