Babu Asiyegusa Vitamu

Tobias, fundi wa nguo katikati ya jiji, hakugusa kitu kitamu tangu utotoni. Chai yake haikutiwa sukari. Hata keki ya harusi yake aliikataa, mkewe Peres akaona haya mbele ya wageni. "Anaringa," shangazi za Peres walinong'ona, naye akaamini.

Binti yao Awuor aliolewa na Ndegwa, wakakaa Kitisuru, wakampata Waringa. Mtoto alinawiri kwa maziwa ya mama. Lakini alipoanza kulishwa ndizi ya kupondwa alitapika, akalegea. Peres, kwa huruma, akamlambisha asali apate nguvu. Kesho yake macho ya mtoto yakawa ya manjano.

Wote wanne walimkimbiza hospitali, Parklands.

"Sukari si moja," daktari Janice aliwaeleza. "Glukosi hutumika mwili mzima. Ile ya matunda na asali inaitwa fruktosi, na kazi ya kuivunja ni ya ini hasa. Nashuku ini la Waringa halina kimeng'enya cha kuimaliza. Inakwama njiani, inaliumiza ini, na glukosi ya damu inashuka."

"Na maziwa?" Awuor aliuliza.

"Hayo yana galaktosi, sukari ya aina nyingine. Anaiweza vizuri. Kwenu kuna mtu asiyegusa vitu vitamu?"

Wote wakamgeukia Tobias.

"Mimi nikila hivyo naona kama nakufa," alisema polepole. "Nikiwa mdogo nilichapwa, wakasema ni ukaidi. Nikaacha kueleza."

"Hata mimi hukunieleza, Baba Awuor?" Peres aliuliza.

"Ulikuwa unapika kwa moyo, Mama. Sikutaka uone chakula chako kinaniumiza."

Peres alijifuta macho kwa leso, kisha akamshika mkono palepale mbele ya daktari.

Vipimo vilithibitisha. Awuor alirithi hitilafu hiyo kwa baba yake upande mmoja tu, ndiyo maana hakuugua; Ndegwa naye aliibeba vivyo hivyo bila kujua. Mtoto akaipata kutoka pande zote mbili. Dawa yake ni kuepuka tu: matunda, asali, na sukari ya kawaida, kwani nusu yake ni fruktosi.

Waringa akapona. Siku hizi Peres huwauliza wenye maduka maswali ya sukari iliyomo mpaka wamchoke. Jumapili iliyopita alipika ugali laini, akaumiminia maziwa yaliyochemshwa, akamwekea Tobias na mjukuu bakuli moja. Waringa alichota kwa vidole, akampaka babu ndevuni.

"Sogeeni," Peres alisema, akaketi kati yao na kijiko chake.