Nusu ya Ua

Teresa na mdogo wake Barnabas waliingia kwa wakili mjini Busia Jumanne asubuhi, kila mmoja na wosia wake ndani ya bahasha. Nyumba iliyowapeleka huko ilikuwa Matayos, nyumba ya matofali aliyoijenga baba yao. Mahakama ilikuwa imewagawia nusu kwa nusu. Teresa, muuguzi mstaafu aliyefikisha miaka sitini na minne bila kuolewa, alikaa upande wa jikoni. Barnabas na mkewe Selpher walikaa upande wa barabarani. Walikuwa wameishi hivyo miaka tisa bila ugomvi wa maana, wakaona ni heri waandike mapema wakiwa bado wanaelewana.

Wakili, mwanamke kijana aliyeitwa Brendah, alisoma kwa sauti. Wa Barnabas ulikuwa mfupi: nusu yake apewe mwanawe Bwire. Wa Teresa ulisema nusu yake apewe Vivianne.

Barnabas akamgeukia dada yake. Vivianne alikuwa binti wa Barnabas mwenyewe, kifungua mimba, aliyeuza viatu vya mitumba Malaba na kulea mtoto peke yake.

"Nilidhani utamwachia Bwire, nyumba ibaki kitu kimoja," alisema.

"Bwire ana yako."

"Na Vivianne akiolewa?"

"Atakuwa ameolewa na ana nyumba."

Brendah akaendelea hadi kifungu cha mwisho: Teresa azikwe ndani ya ua, kando ya mama yake. Hapo akaweka kalamu chini.

"Mama, hiki nitakiandika ukitaka, lakini sitakudanganya. Kwa sheria, mwili si mali. Huwezi kuurithisha. Utakaowaacha ndio wataamua."

Teresa alimshukuru. Waliondoka bila kutia sahihi, wakaingia hoteli moja karibu na soko, wakaagiza ugali na samaki. Barnabas alikula nusu sahani, akaacha.

"Mimi sijakataa," alisema. "Lakini unajua desturi. Binti ambaye hakuolewa hawekwi ndani ya ua."

"Na shangazi Mugeni, naye hakuolewa, aliwekwa wapi?"

"Nyuma. Nje ya ua."

"Nyuma wapi?"

Barnabas alinawa mikono kabla ya kujibu. Kaburi hilo alilichimba yeye mwenyewe, akiwa kijana wa miaka ishirini na minane. Mwili ulitolewa kupitia mlango wa nyuma, na wazee wakarudi mapema kunywa chai. Hakukuwekwa msalaba wala jiwe. Baadaye shamba lilisogezwa hadi pale.

"Kwenye mihogo," alisema. "Sikumbuki mstari gani."

"Hata mimi nimeila hiyo mihogo," Teresa akasema.

Jumamosi Barnabas alimwita mzee Oduori, ndugu wa baba yao aliyebaki, pamoja na wazee wengine wawili wa ukoo. Selpher akawachinjia kuku. Teresa aliketi mlangoni, akamsikiliza ndugu yake akieleza jambo lile tangu mwanzo kama mtu anayetoa ripoti.

Oduori alikataa. "Mkifungua mlango huo, kesho kila binti atarudi na jeneza lake. Ua huu ni wa wanaume wa ukoo."

"Mzee, nusu ya nyumba hii ni yake, na nusu ya ua ni yake," Barnabas akajibu. "Siwezi kumkataza mtu kulala kwake. Nimewaita niwaambie nikiwa hai, ili nikitangulia, Bwire asije akaambiwa ni uongo."

"Basi umetuita kutuambia, si kutuuliza."

"Ndiyo, mzee."

Oduori alichukua fimbo yake akaondoka. Wale wawili walibaki, wakala kuku, wakasema watafikiria. Barnabas aliwasindikiza hadi barabarani. Aliporudi, jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati. Teresa akamletea maji.

"Ya Vivianne bado sijaipenda," Barnabas alisema baada ya kunywa.

"Sikukuomba uipende."

"Najua."

Wiki iliyofuata walirudi kwa Brendah, wakatia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiowahusu. Nusu ikabaki ya Bwire, nusu ya Vivianne. Kifungu cha kaburi kilibaki pia, ingawa wote watatu walijua hakina nguvu kisheria. Vivianne alipopigiwa simu alisema, "Shangazi, mimi sikuomba kitu," kisha akauliza kama choo cha nje kilishatengenezwa.

Oduori hakukanyaga pale hadi Krismasi. Alipokuja alikunywa chai, akauliza hali ya mahindi, asiligusie jambo lile.

Mwezi wa kwanza Barnabas alichonga vigingi vinne vya mti, akamwita dada yake nje.

"Kichwa unataka kielekee wapi?"

Teresa alisimama kando ya kaburi la mama yao, akatazama nyumba, akatazama barabara.

"Jikoni," alisema. "Nisikie watu."

Barnabas akapigilia kigingi cha kwanza.